Kupanga vipimo vya uwandani vya kuchunguza monsuni

Monsuni, yaani pepo za msimu zinazoleta mvua, ni mfumo mpana kuliko uwezo wa timu yoyote ya watafiti. Mkondo wa upepo unaovuka ikweta karibu na pwani ya Afrika Mashariki mwezi Juni ndio huo huo unaosukuma mvuke kuelekea Bara Hindi. Ndani ya mkondo huo mmoja joto la bahari lina mchango wake, milima ina wake, na udongo uliolowa wiki iliyopita una wake. Huwezi kupima vyote. Mpango mzuri huchagua kipande kimoja cha mfumo na kukipima kwa ukamilifu, hadi uweze kujumlisha maji yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki, na hesabu ikafunga. Mpango mbaya hutawanya vifaa kila mahali palipo na barabara, kisha swali likatafutwa baadaye ofisini.

Mwongozo huu unahusu kampeni ya msimu mmoja au zaidi, yenye vituo vya ardhini, maputo ya hali ya hewa na, panapowezekana, rada au meli. Mwenye bajeti ndogo atumie mantiki ile ile kwa kipande kidogo zaidi.

Swali kwanza, tena liwe na namba

"Kuelewa monsuni" si swali la uwandani. Swali la uwandani hutaja kitu kinachopimika, mahali, muda na ukubwa wa tofauti unayotarajia kuiona. Kwa mfano: katika siku 10 kabla ya mvua kuanza, je, mvuke juu ya eneo la kilomita 300 kwa 300 huongezeka kwa sababu unaletwa na upepo, au kwa sababu unapanda kutoka kwenye uso wa eneo lenyewe? Swali hilo linakuamuru mara moja: utahitaji mvuke wa safu nzima ya hewa, upepo kwenye kingo za eneo, uvukizi na mvua. Linakuonyesha pia usichohitaji, na hapo ndipo fedha nyingi zinapookolewa.

Kisha weka ukubwa. Safu ya hewa ya monsuni iliyokomaa hubeba mvuke ambao ukigeuzwa maji ungefikia kina cha milimita 50 hadi 65. Uvukizi unaotumia nishati ya wati 100 kwa kila mita ya mraba ni sawa na takriban milimita 3.5 za maji kwa siku. Andika namba za namna hii kwa kila kipengele cha hesabu yako, na kando ya kila namba andika kosa unalolitarajia kutoka kwenye kifaa. Kama tofauti unayoitafuta ni milimita 1 kwa siku na makosa yako yakijumlishwa yanafika 3, una njia mbili tu. Ya kwanza ni kuongeza idadi ya siku hadi makosa ya bahati yapungue kwenye wastani. Ya pili ni kubadili swali. Kosa la upande mmoja, yaani lile linaloongeza au kupunguza kila siku kwa kiasi kile kile, halipunguzwi na wastani hata ukipima mwaka mzima.

Urefu wa msimu wa vipimo

Monsuni hubadilika kwa vipindi kadhaa vilivyopandana. Upo mzunguko wa saa 24. Ipo migandamizo midogo ya hewa inayopita kwa siku chache, kama ile inayozaliwa Ghuba ya Bengal na kuingia bara. Upo mzunguko wa siku 10 hadi 20, na upo ule wa siku 30 hadi 60, ambao kwa sehemu kubwa ndio unaoamua lini mvua inyeshe mfululizo na lini ikatike kwa wiki nzima au zaidi. Juu ya yote hayo kuna tofauti za mwaka hadi mwaka zinazohusiana na El Niño (kupanda kwa joto la Pasifiki ya tropiki) na daipoli ya Bahari ya Hindi (tofauti ya joto kati ya upande wake wa magharibi na wa mashariki).

Kanuni ya kupanga ni nyepesi: usitoe hoja kuhusu mzunguko ambao hukuuona ukijirudia angalau mara mbili. Anayetaka kuchunguza mzunguko wa siku 30 hadi 60 anahitaji siku 120 za vipimo visivyokatika. Anayetaka kusema neno kuhusu El Niño kwa msimu mmoja anajidanganya. Njia iliyothibitika kufaa ni kupima kwa tabaka, kama ulivyofanya mradi wa AMMA, uliochunguza monsuni ya Afrika Magharibi: tabaka la miaka mingi lenye vituo vichache vya kudumu, tabaka la miaka michache (kwao 2005 hadi 2007) lenye vituo zaidi, na ndani yake msimu mmoja wa vipimo vya karibu karibu, 2006. Msimu wenye vipimo vingi unapata maana kwa kuwa miaka inayouzunguka inajulikana.

Anza mapema. Wengi hupanga kufika wiki moja kabla ya tarehe ya kawaida ya mvua, na hapo wameshapoteza sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Udongo mkavu, joto la ardhi, kina cha tabaka la hewa linalochanganyika mchana na mvuke unaojikusanya taratibu ndivyo vinavyoandaa mvua. Ukivikosa, unapata matokeo bila chanzo. Siku 30 za vipimo kamili kabla ya tarehe ya kawaida ndicho kiwango cha chini.

Pia amua kabla ya msimu utatambuaje kwamba monsuni imeanza. Mvua ya kwanza kubwa si kigezo, kwa kuwa mara nyingi huja, ikakatika, na ukame ukarudi kwa wiki mbili. Idara ya hali ya hewa ya India hutangaza kuanza kwa monsuni Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwa masharti yanayokwenda pamoja. Baada ya tarehe 10 Mei, asilimia 60 ya vituo 14 vilivyoteuliwa viwe vimepata milimita 2.5 au zaidi kwa siku 2 mfululizo, upepo wa magharibi uwe na kina na kasi iliyowekwa, na mionzi ya joto inayotoka duniani kwenda anga za juu iwe chini ya wati 200 kwa mita ya mraba. Masharti ya eneo lako yatakuwa mengine, lakini muundo uwe huo: mvua, upepo na mawingu kwa pamoja, yakiwa yameandikwa kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Kuchora poligoni

Ili kufunga hesabu ya maji unahitaji kuta. Chagua vituo vya maputo 3 au zaidi, bora 4 au 5, vinavyozunguka eneo lako kama poligoni (umbo la pembe nyingi) kwa umbali wa kilomita 200 hadi 500 kati ya kimoja na kingine. Upepo na mvuke kwenye kuta hizo ndivyo vinavyokupa kiasi kinachoingia na kutoka. Kampeni ya DYNAMO, iliyoanza Oktoba 2011 katikati ya Bahari ya Hindi, ilitumia poligoni mbili za pembe nne, moja kaskazini ya ikweta na nyingine kusini, kwa kuunganisha visiwa na meli.

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika kimya kimya. Chukua vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 500. Tuseme kimoja kimewekwa kwenye bonde linalopindisha upepo, na kwa hiyo upepo wake wa tabaka la chini unazidi ule wa eneo kwa mita 1 kwa sekunde. Tabaka hilo likiwa na milimita 40 za mvuke, kosa hilo moja linazaa karibu milimita 7 za maji kwa siku ambazo hazipo. Kiasi hicho kinatosha kugeuza siku kavu kuwa ya mvua kwenye hesabu, ilhali kifaa hakina hitilafu yoyote. Mahali ndipo pana hitilafu. Kituo cha puto kikae mahali ambapo upepo wa mita mia chache za kwanza ni upepo wa eneo zima: mbali na mdomo wa bonde, mbali na ukingo wa ziwa kubwa na nyuma ya ukanda wa upepo wa pwani, isipokuwa upepo huo ndio swali lako.

Usichore poligoni yako kwa kutazama ramani tu. Ijaribu. Chukua data ya ERA5, yaani hali ya hewa ya miaka iliyopita iliyokokotolewa upya kwa modeli, ambayo hutoa hali ya hewa ya dunia kwa kila saa kwenye gridi ya takriban kilomita 31, ya misimu 10 au zaidi ya eneo lako. Fanya hivi:

1. Kokotoa hesabu kamili ya maji ya eneo ukitumia nukta zote za gridi. Hiyo ndiyo kweli yako ya muda.
2. Chukua nukta za vituo vyako peke yake, kwa saa utakazorusha maputo peke yake, na ukokotoe tena.
3. Ongeza makosa ya vifaa kwa bahati nasibu, na ufute asilimia 10 hadi 15 ya maputo kana kwamba yameshindikana.
4. Linganisha. Hamisha kituo kimoja baada ya kingine, ukitazama ni kipi kinachopunguza kosa zaidi.
5. Ondoa kila kituo kwa zamu. Kile ambacho kikiondoka hesabu yote inaanguka ndicho kinachohitaji jenereta ya pili, mitungi ya akiba na watu wazoefu kuliko wote.

Kazi hiyo ni ya wiki mbili kwa mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida. Kumbuka tu kwamba modeli haioni bonde lako dogo wala kisiwa chako, kwa hiyo jaribio linakuonyesha makosa ya umbali na ratiba, wala si ya mahali penyewe. Mahali penyewe lazima uende ukapaone, ikiwezekana msimu wa mvua uliotangulia, barabara zikiwa zimelowa.

Maputo: mara ngapi, na gesi kiasi gani

Ratiba ya kawaida duniani ni puto la saa 0000 na la saa 1200 UTC (saa ya kimataifa, iliyo saa 3 nyuma ya saa ya Afrika Mashariki). Kwa monsuni ratiba hiyo haitoshi. Mgandamizo wa hewa wa ukanda wa tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na upepo nao hufuata. Ukipima kila baada ya saa 12 unaukuta mzunguko huo mahali pale pale kila mara, nao unajificha ndani ya wastani wako. Tena, juu ya nchi kavu mkondo wa upepo wa tabaka la chini huwa na nguvu zaidi usiku na kabla ya alfajiri, wakati hewa imetulia. Mchana joto la ardhi huchanganya hewa na kuuvunja. John Findlater, aliyeuchambua katika miaka ya 1960 mkondo unaovuka ikweta Afrika Mashariki, aliona kiini chake karibu na kimo cha kilomita 1.5. Anayerusha maputo adhuhuri tu ataripoti monsuni dhaifu kuliko ilivyo.

Maputo 4 kwa siku yanaonyesha mzunguko wa saa 24, ila ule wa saa 12 unabaki ukingoni. Maputo 8, yaani moja kila saa 3, yanaonyesha yote mawili. Mpango wa busara ni 4 kwa siku msimu mzima, na 8 kwa vipindi maalumu vya siku 10 hadi 15. Kama fedha haitoshi 4 kwa siku kila kituo, badala ya kusambaza 2 kwa siku 120 kila mahali, acha 2 kwenye vituo vya kingo na uweke 4 kwenye kituo kimoja cha katikati.

Hesabu ya gesi ifanywe kwa kalamu, isiwe ya kukisia. Mita 1 ya ujazo ya heliamu huinua takriban kilo 1 usawa wa bahari. Puto la gramu 350, radiosondi (kifaa kidogo kinachopanda na puto kikipima hewa) na kamba yake gramu 200, na nguvu ya ziada ya kupandia gramu 800: jumla gramu 1,350, yaani karibu mita za ujazo 1.4 ukihesabu na gesi inayovuja. Mtungi wa lita 50 wenye shinikizo la bar 200 hukupa kama mita za ujazo 9, na hutaweza kuutoa wote. Hesabu maputo 6 kwa mtungi. Kipindi cha siku 15 chenye maputo 8 kwa siku ni maputo 120, basi ni mitungi 20, na mingine 4 ya akiba. Mitungi ifike kabla ya mvua. Lori lililobeba mitungi halivuki mto uliofurika.

Haidrojeni ni nafuu na huinua kidogo zaidi, lakini inalipuka. Ukiitumia, banda la kujazia liwe na matundu makubwa ya hewa sehemu ya juu kabisa, kila chuma kiunganishwe na waya wa ardhini, watu wavae pamba na simu zibaki nje. Asiyeweza kusimamia masharti hayo usiku wa manane, katikati ya mvua, anunue heliamu.

Kasi ya kupanda ilenge mita 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo puto hufika kilomita 30 kwa dakika 100. Kwa monsuni si lazima ufike huko, ila usikubali chini ya kilomita 20, kwa sababu mkondo wa upepo wa mashariki wa tropiki unakaa juu sana, karibu na kimo cha kilomita 15. Jaza puto polepole. Kwenye mvua nzito ongeza gesi kidogo, maana maji yanayoshika mpira hulipunguzia puto nguvu, na maputo mengine hushuka yenyewe baada ya kuingia wingu.

Kosa linaloharibu data nyingi kuliko kupasuka kwa puto ni hili: radiosondi huandaliwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisha hutolewa nje kwenye hewa ya joto yenye unyevu. Umande unajikusanya kwenye kihisi, na mita mia za kwanza zinasomeka zimejaa maji. Kosa la gramu 1 ya mvuke kwa kilo ya hewa hapo chini hubadilisha nishati ya kuinua mawingu kwa mamia ya jouli kwa kilo, na makala nzima kuhusu ngurumo inajengwa juu ya umande. Toa radiosondi nje, kivulini penye upepo, angalau dakika 10 kabla. Linganisha usomaji wake na kihisi cha kituo kilicho mita chache kutoka hapo, na uandike tofauti kila mara, hata ikiwa sifuri. Usibadilishe aina ya radiosondi katikati ya msimu. Kila aina ina upendeleo wake kwenye unyevu, hasa jua likiwa kali, na mabadiliko hayo yataonekana kama mabadiliko ya monsuni.

Kwa maputo 8 kwa siku kila kituo kinahitaji zamu 3 za watu wawili wawili na mmoja wa kupumzisha: watu 7. Wanaojaribu kwa watu 4 hupoteza maputo ya saa 8 usiku, yale yale yanayoonyesha mkondo ukiwa na nguvu zote.

Mvuke kati ya puto na puto

Kipokezi cha GPS cha kudumu, kilichofungwa kwenye nguzo ya zege isiyotikisika, hutoa jumla ya mvuke wa safu ya hewa kila dakika 30 au chini ya hapo, mvua au jua, kwa kosa la milimita 1 hadi 2. Kinahitaji kipimamgandamizo kizuri kando yake. Kosa la hektopaskali 1 linakuwa kosa la milimita 0.35 za mvuke. Kwa maoni yetu, hakuna kifaa kinachorudisha thamani ya fedha yake kwenye kampeni ya monsuni kama hiki. Kiweke kila kituo cha puto: kitakuonyesha radiosondi zinapokausha au kulowesha hewa kupita kiasi.

Mvua

Vipimamvua vya kibeseni cha kupinduka ni rahisi kutunza data, lakini kwenye mvua kali ya monsuni hupoteza maji wakati kibeseni kinageuka. Weka kando ya kila kimoja kipimamvua cha kawaida cha kusomwa kwa mkono kila asubuhi. Jumla ya siku inatoka kwenye kile cha mkono. Mgawanyo wa dakika kwa dakika unatoka kwenye kibeseni.

Kukagua usahihi ni kazi ya chupa na sindano. Kama mdomo wa kipimamvua una eneo la sentimita za mraba 200 na kila mpinduko ni milimita 0.2, basi mpinduko mmoja ni mililita 4. Dondosha mililita 400 polepole, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Unatarajia mipinduko 100. Ikija 92, andika 92, usikaze skrubu papo hapo katikati ya msimu bila kuandika. Fanya hivi kabla ya msimu, katikati na mwishoni. Umbali wa mti au ukuta uwe angalau mara 2 ya urefu wake, na mara 4 ikiwezekana. Nyigu na majani huziba faneli. Kichujio kisafishwe kila wiki.

Usivitawanye vipimamvua sawasawa kwenye eneo lote. Weka kundi la 8 hadi 12 ndani ya mraba mmoja wa kilomita 10, unaolingana na gridi ya makadirio ya mvua ya setilaiti, na vingine vitandaze kufuata mwinuko wa mlima. Kundi hilo ndilo litakaloonyesha ni kiasi gani kipimamvua kimoja kinadanganya kuhusu eneo lake, na bila hilo huwezi kuandika kosa la mvua kwenye hesabu.

Rada ikipatikana, kumbuka jiometri. Mwale ulioinuliwa nyuzi 0.5 unakuwa kimo cha karibu kilomita 1.5 ukifika umbali wa kilomita 100, hivyo mvua ya mawingu mafupi ya monsuni hupita chini yake. Rada ndogo za mawimbi ya sentimita 3 hufifia zenyewe nyuma ya mvua kali. Zinafaa kwa umbali mfupi tu. Mawimbi ya sentimita 5 ni suluhisho la kati, na sentimita 10 ndizo zinazostahimili.

Ardhi, umeme na bahari

Mnara wa kupima uvukizi kwa mitikisiko ya hewa husoma upepo na mvuke mara 10 au 20 kwa sekunde. Usishangae nishati iliyopimwa ikipungukiwa na asilimia 10 hadi 30 ikilinganishwa na mionzi. Ni tatizo linalojulikana, na lazima liingie kwenye kosa lako. Mvua ikinyesha kihisi kinalowa na data ya dakika hizo inatupwa, kwa hiyo usitegemee mnara peke yake siku za mvua. Vihisi vya unyevu wa udongo viwekwe kwenye kina cha sentimita 5, 10, 20, 50 na 100, na visahihishwe kwa udongo halisi wa hapo: chukua sampuli, pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena.

Kwa umeme, panga siku 7 bila jua. Kituo kinachotumia wati 2 kinakula watisaa 48 kwa siku. Siku 7 ni 336. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, basi unahitaji watisaa 672, yaani karibu ampea-saa 56 kwa volti 12. Paneli ya wati 50 inaweza kuirudisha hata chini ya mawingu. Weka waya wa ardhini na kinga ya radi kwenye kila nyaya inayoingia sandukuni.

Baharini, ugumu mkubwa uko kwenye sentimita chache za juu. Ghuba ya Bengal hupokea maji yasiyo na chumvi ya mito na mvua yanayokaa juu ya maji ya chumvi kama tabaka jembamba, na tabaka hilo hupata joto haraka. Kipimo cha joto kilicho mita 5 chini ya meli hakilioni. Buruta kihisi kinachoelea kando ya meli, nje ya povu lake, na upime chumvi kila mita 1 kwenye mita 20 za kwanza. Vipimamvua vya meli viwe pande zote mbili, maana mwili wa meli hupotosha upepo. Maboya ya RAMA, mtandao wa kupima bahari na hewa uliotandazwa Bahari ya Hindi, yatakupa muktadha, lakini angalia kwanza yapi yanatuma data msimu huo. Uharibifu unaofanywa na vyombo vya uvuvi huyanyamazisha baadhi.

Vibali na kalenda

Miezi 18 kabla: swali, jaribio la poligoni, barua kwa mamlaka za hali ya hewa za nchi husika. Washirikishe watu wao tangu hapa, kwa kuwa ndio watakaobaki na vituo. Miezi 12 kabla: vibali vya utafiti, ruhusa ya anga kwa maputo, masafa ya redio (radiosondi nyingi hutumia megahezi 400.15 hadi 406). Kwa meli, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unataka taarifa itolewe si chini ya miezi 6 kabla ya kuingia eneo la nchi ya pwani. Wewe toa ya miezi 9. Miezi 6 kabla: vifaa viwe safarini, kwa sababu forodha haina haraka na mitungi ya gesi hukaguliwa zaidi. Miezi 3 kabla: vifaa vyote vya aina moja vifungwe mahali pamoja kwa siku 10 ili kulinganishwa. Usiruke hatua hii hata kama ratiba imebana. Ndiyo peke yake inayokuwezesha kusema kwamba tofauti kati ya vituo ni ya hewa na si ya viwanda vilivyovitengeneza.

Kuamua siku za vipimo vya karibu karibu

Kila siku saa ile ile, timu isome utabiri wa siku 1 hadi 10 na iamue. Gawa akiba ya maputo kabla: robo kwa kipindi cha kabla ya mvua, robo kwa kuanza kwake, robo kwa siku za mvua kubwa, robo kwa siku za kukatika kwa mvua. Hii ya mwisho italiwa na nyingine usipoilinda. Watu hupenda kurusha maputo wakati radi inapiga, na siku kavu zinaonekana kama kupoteza gesi. Lakini hewa kavu inayoingia kutoka jangwani na kuzima mawingu huonekana siku hizo tu, na mtu aliyepima siku za mvua peke yake hawezi kueleza kwa nini mvua hukatika. Sehemu ya ratiba ifuate kalenda bila kutazama anga kabisa.

Tuma kila puto papo hapo kwenye mtandao wa dunia wa hali ya hewa. Vituo vya utabiri vitaitumia, na vitakurudishia taarifa kituo chako kikianza kutofautiana na jirani zake. Msimu wa AMMA wa 2006 ulikusanya takriban maputo 7,000 kati ya Juni na Septemba. Wingi wa namna hiyo hauna mtu wa kuukagua kwa macho uwandani.

Daftari na baada ya msimu

Saa zote ziandikwe kwa UTC, tarakimu nne, bila maneno. Mtu akiandika "saa 3 asubuhi" kwa mazoea, karani mwingine ataisoma 0300 ilhali ilikuwa 0600 UTC, na mzunguko wa siku nzima unasogea. Data ghafi isiguswe kamwe. Masahihisho yawekwe kwenye faili jingine, yakiwa na tarehe na jina la aliyeyafanya. Nakala tatu, moja ikiwa nje ya kituo kila wiki.

Msimu ukiisha, rudisha vifaa mahali pamoja na uvilinganishe tena kwa siku 10 kama mwanzo. Acha vituo viwili vikiendelea hadi msimu unaofuata uanze. Na kabla ya kung'oa nguzo yoyote, piga picha pande nane za kituo kama ulivyofanya siku ya kwanza: majani yaliyokuwa usawa wa kifundo cha mguu huenda sasa yamepita mdomo wa kipimamvua, na bila picha hiyo hakuna atakayejua kwa nini mvua ya wiki za mwisho ilisomeka pungufu.